Maswali ya Wasomaji: Poison Ivy Angefika Tabora Angefanya Nini?

Tangu safu hii ilipogusia vitabu vya katuni, barua nyingi zilizofika mezani kwangu zimemhusu mhusika mmoja tu, naye ni Poison Ivy, yule adui wa Batman mwenye uwezo wa kuamuru miti, mizizi na mitambaazi ifanye atakavyo. Nimechagua barua tano, na nimeipa nafasi kubwa ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayouliza jambo zito zaidi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wenzangu na mimi husoma hadithi za Batman kwenye simu, na sasa tumegawanyika. Wapo wanaosema Poison Ivy ni adui kama maadui wengine. Mimi nasema anatetea miti, na kwamba kama angefika kwetu, ambako miti inakwisha kwa kukaushia tumbaku, angekuwa steringi. Naomba utuamue.
Mwanafunzi, Tabora Mjini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na historia, kwa sababu Poison Ivy mnayemsoma leo si yule wa mwanzo. Alitokea mara ya kwanza katika toleo la 181 la Batman, la Juni 1966, akiwa ameandikwa na Robert Kanigher na kuchorwa na Sheldon Moldoff. Katika hadithi ile hakuna msitu anaoutetea wala mti anaoulilia. Ni mhalifu mrembo aliyevaa majani, anayekasirika kwa sababu wanawake wengine watatu wametangazwa kuwa wahalifu wakuu ilhali yeye anajiona amewapita wote, na silaha zake ni uzuri na hila. Katika miaka ya 1970 ndipo alipopewa asili: alikuwa mwanafunzi wa elimu ya mimea aliyeshawishiwa na mwanamume kuiba mitishamba ya kale ya Misri, kisha mwanamume huyo akamtilia sumu ili asije akamtaja, naye akapona na tangu hapo sumu haikumdhuru tena. Mwaka 1988 Neil Gaiman akaiandika upya asili hiyo. Sasa anaitwa Pamela Isley, na anayemharibu ni mwalimu wake mwenyewe, Jason Woodrue, aliyemgeuza kuwa kitu cha kufanyia majaribio.

Ukizifuata hadithi hizo kwa mpangilio wa miaka utaona kwamba chuki ilitangulia, na mapenzi kwa mimea yakaja kuongezwa baadaye, wakati ambapo uharibifu wa mazingira ulikuwa umeanza kuwasumbua watu wengi duniani. Jambo hili ni muhimu kwa ubishi wenu, kwa kuwa mara nyingi kile kinachomsukuma Poison Ivy ni kisasi kilichojipatia sababu nzuri. Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika filamu za katuni za televisheni zilizoanza mwaka 1992. Mwendesha mashtaka wa Gotham, mji wa kubuni anakoishi Batman, Harvey Dent, anazindua ujenzi wa gereza kwenye uwanja uliokuwa na waridi adimu la porini lenye miiba. Miaka kadhaa baadaye Pamela anamnywesha sumu kwa busu, na Dent analazwa hospitalini akiwa mahututi. Sasa angalieni kwa makini kile kilichotokea mwanzoni kabisa, kabla matrekta hayajaanza kazi: mkono wa mtu unaling'oa waridi lile ardhini na kuliondoa. Ua lilikuwa limekwisha kuokolewa. Pamela alikuwa nalo, analitunza, na lingeweza kuzaa mengine mengi. Kifo cha Dent kisingeliongezea waridi hilo hata jani moja. Hapo ndipo mimi ninapomhesabu kuwa adui, na ninamhesabu hivyo bila kusita, ingawa ninakubaliana naye kwamba lile gereza lilistahili kujengwa mahali pengine.

Lakini wenzako nao wasishangilie mapema, kwa maana mwanamke huyu ana upande mwingine. Katika mfululizo wa mwaka 1999 ambapo Gotham imekwisha kubomolewa na tetemeko la ardhi na serikali ya Marekani inautenga mji, watu wanakosa chakula, magenge yanagawana mitaa, na Poison Ivy anakaa katika bustani ya Robinson Park pamoja na watoto yatima anaowalinda kama wanawe. Huko anaotesha matunda na mboga, na kwa makubaliano na Batman mazao hayo yanawafikia wenye njaa. Nguvu zake ni zilezile, na hasira yake kwa mji ule haijapoa. Kilichobadilika ni kwamba ndani ya bustani yake wamo watu, na miti anayoitunza inawalisha.

Sasa tumlete Tabora, kama ulivyotaka. Ni kweli kwamba tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto unaowaka siku kadhaa mfululizo ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, na kwamba kuni za moto huo kwa miaka mingi zimetoka katika misitu yetu ya miombo. Huo ni uharibifu halisi, na mwanafunzi anayeuonea uchungu anastahili kusikilizwa. Hata hivyo, jiulize Poison Ivy angemkamata nani kwanza. Angemkuta mkulima wa Urambo au Kaliua mwenye mkokoteni wa kuni, anayedaiwa mbolea aliyoichukua kwa mkopo, na angemfunga kwa mitambaazi bila kumuuliza neno. Angemkuta mrina asali aliyebandua gome la mtundu, mmoja wa miti ya miombo, ili atengeneze mzinga, na kwa kuwa mti uliobanduliwa gome kuuzunguka wote hufa, angemuua naye. Kumbe mrina asali huyohuyo ndiye anayeupigania msitu usiungue, maana nyuki wake wanategemea maua ya mitundu na miyombo, na msitu ukiungua wakati wa maua hapati kitu. Ukimwondoa, moto wa Agosti na Septemba unapita bila mtu wa kuuzuia. Ndiyo maana hapa Tabora kipo chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki ambako watu hufundishwa kutumia mizinga ya mbao badala ya ile ya magome. Mti unabaki, mrina naye anabaki.

Kuna jambo jingine ambalo Poison Ivy, pamoja na elimu yake yote, hadithi hazimwonyeshi akilisubiri. Nenda ukatazame kisiki cha mtundu uliokatwa mwaka jana, hasa siku za mwisho za kiangazi kabla ya mvua za kwanza. Utakuta machipukizi yametoka kukizunguka, majani yake yakiwa mekundu kama shaba kabla hayajageuka kijani. Mizizi ya miti ya miombo haifi kwa panga. Inachohitaji ni muda na kutolimwa juu yake, na kutochomwa moto mkali mwaka baada ya mwaka. Hitaji hilo halitimizwi kwa kumkaba mtu koo. Linatimizwa kwa mkutano wa kijiji kukubaliana eneo gani lisilimwe, na kwa mkulima kuwa na miti yake aliyoipanda kwa ajili ya bani lake.

Kwa hiyo ninaamua hivi: kuhusu miti, wewe umeshinda ubishi, kuhusu Poison Ivy, wenzako wameshinda.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha baiolojia. Wanafunzi wameniuliza kama mtu anaweza kweli kuamuru mimea. Niliwaambia kwamba hiyo ni hadithi tu, lakini naona jibu hilo halikuwatosheleza, na mimi mwenyewe halijanitosheleza.
Mwalimu, Urambo

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri, na mifano ya kuwajibu mnayo shambani. Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, lakini unahisi na unajibu, na lugha yake kubwa ni kemikali. Tumbaku yenyewe ni shahidi. Nikotini hutengenezwa kwenye mizizi na kupandishwa hadi kwenye majani ili kuwazuia wadudu, na viwavi wanapoanza kuyatafuna majani, taarifa hushuka mizizini na nikotini huongezwa. Mahindi yakishambuliwa na viwavi hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo, ambao hutaga mayai ndani ya viwavi hao na kuwaua. Kifauongo kinachoota pembeni mwa njia hukunja majani ukikigusa, kwa sababu seli zilizo kwenye maungio ya vijani vyake hupoteza maji ghafla baada ya kupokea mshtuko wa umeme mdogo unaopita ndani ya mmea.

Ikiwa mimea husikiliza kemikali, basi anayeijua kemikali hiyo anaweza kuamuru, na binadamu amekwisha kufanya hivyo. Kila mama anayefunika mkungu wa ndizi mbichi pamoja na matunda machache yaliyoiva anatumia gesi ya ethilini, inayotolewa na tunda lililoiva, kuyaamrisha mengine yaive. Gesi hiyohiyo ilitumiwa Marekani dhidi ya kiduha, yale magugu yenye maua mazuri, yanayonyonya mahindi na mtama. Mbegu ya kiduha inaweza kulala ardhini miaka mingi, haioti mpaka ihisi kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mmea wa kuunyonya. Watu wakaingiza ethilini ardhini, mbegu zikadanganyika kwamba mahindi yamefika, zikaota, hazikukuta mzizi wa kuushika, zikafa. Afrika Mashariki tuna njia inayomfaa mkulima mdogo zaidi, ya vuta-sukuma, iliyoendelezwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, ambapo desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi: mizizi yake hukichochea kiduha kiote na papo hapo hukizuia kujishika kwenye mahindi. Waonyeshe wanafunzi wako shamba la namna hiyo, uwaambie kwamba huko ndiko kuamuru mimea kulikofikia.

Kisichowezekana ni ile kasi. Mwanzi, ambao ni miongoni mwa mimea inayokua haraka kuliko yote, katika mazingira yake bora hufikia takriban sentimita 90 kwa siku. Sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutokana na hewa ukaa na maji, vinavyounganishwa kwa nguvu ya jua, na hakuna amri inayoweza kuharakisha kazi hiyo mpaka mtambaazi ujaze chumba kabla mlinzi hajachomoa bastola.

Nikumbushe pia kwamba katika mfululizo wake ulioanza mwaka 2022, ulioandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Marcio Takara, Poison Ivy anatumia mbegu za kuvu badala ya mimea. Kuvu si mmea, na darasani ni vema jambo hilo liwekwe wazi. Wazo lenyewe limetoka kwenye kuvu halisi inayomwingia sisimizi wa misitu ya kitropiki, ikamfanya apande kwenye mmea, aume jani kwa taya zake, na afie hapo, kisha ikachomoza kichwani mwake. Kwetu kuvu ina sifa njema zaidi. Miti ya miombo imeunganika na kuvu mizizini, ikipewa maji na madini na yenyewe ikitoa sukari, na uyoga mwingi tunaouokota porini mvua zinapoanza ni matunda ya ushirika huo.

SWALI: Mhariri, mwanangu ameniambia kwamba jina la huyo mwanamke ni la mmea wa kweli unaowasha. Je, huku kwetu upo? Nauliza kwa sababu kila msimu wa maembe mikono yangu na midomo huvimba na kuwasha.
Mama wa Sikonge

JIBU: Mama, mmea huo ni wa kweli, lakini makazi yake ya asili ni Amerika ya Kaskazini na sehemu za Asia, na huku kwetu hauoti porini. Kinachowasha ni mafuta yanayoitwa urushioli, yaliyomo katika majani, mashina na mizizi yake. Hata hivyo, umegusa jambo la kweli bila kujua: mmea huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Utomvu wa embe na ganda lake vina kemikali zinazofanana na urushioli, na mafuta ya ganda la korosho ni makali zaidi. Baadhi ya watu miili yao huzikataa kemikali hizo, na wanapozigusa tena na tena hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Menya embe kabla ya kula badala ya kulifyonza na ganda lake, mwombe mwingine akuchumie, na utomvu ukikudondokea osha mara moja kwa maji mengi na sabuni. Macho yakivimba au pumzi ikibana, nenda kituo cha afya bila kungoja.

Kwa kuwa uko Sikonge, niongeze neno la tumbaku, ingawa hukuliuliza. Anayechuma majani ya tumbaku yakiwa yamelowa umande au mvua, nikotini humwingia kupitia ngozi, akapata kizunguzungu, kutapika na kuumwa kichwa. Wengi hudhani ni njaa au malaria. Watoto huathirika upesi kwa sababu miili yao ni midogo, na hawapaswi kuwekwa katika kazi hiyo kabisa. Watu wazima nao wavae mikono mirefu na glavu, na wangoje majani yakauke umande.

SWALI: Salaam Mhariri. Kaka yangu husema kwamba Poison Ivy yuko sahihi, kwamba watu wakitoweka mimea itastawi. Je, ipo hadithi yoyote iliyomjibu?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo hadithi bora kuliko zote zilizoandikwa juu ya wahalifu wa namna hii, ingawa Poison Ivy hayumo. Mhusika wake ni Jason Woodrue, yule mwalimu niliyemtaja juu, ambaye ni mkubwa kwa Poison Ivy kihadithi, kwani alibuniwa mwaka 1962 na Gardner Fox na Gil Kane. Mwaka 1984 Alan Moore, akishirikiana na wachoraji Stephen Bissette na John Totleben, alimweka Woodrue katika hadithi za Swamp Thing, kiumbe wa kinamasi cha Louisiana ambaye mwili wake wote ni mimea. Woodrue anakula viazi vinavyoota kwenye mwili wa kiumbe huyo, akili yake inaungana na mimea ya dunia nzima, na anaanza kulipiza kisasi kwa niaba yake. Anaifanya mimea itoe oksijeni kupita kiasi. Katika mji mdogo, cheche ndogo zinageuka kuwa moto mkubwa na watu wanakufa, huku mashujaa wenye nguvu zote wakitazama kutoka angani bila kujua la kufanya.

Kisha Swamp Thing anamwendea na kumuuliza swali moja tu: wanyama na watu wakiisha, nani atakayeirudisha hewa ambayo mimea inaihitaji? Woodrue hana jibu. Mimea inamwacha, na bila sauti yake anabaki mtu aliyechanganyikiwa anayekimbia porini. Hapigwi hata ngumi moja inayoamua jambo. Anashindwa kwa hoja, tena hoja ya mimea yenyewe.

Nimeipima hoja hiyo, na ninaikubali kwa sehemu. Hewa ukaa nyingi hurudishwa angani na bakteria na kuvu wanaoozesha, na mimea yenyewe pia hupumua, kwa hiyo mchango wa wanyama ni mdogo kuliko hadithi inavyoufanya uonekane. Tena mimea imekuwapo nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 400, na binadamu wa aina yetu ana takriban miaka 300,000 tu. Kaka yako akisema kwamba misitu ingeweza kuendelea bila sisi, amesema kweli. Anachokosea ni kuiona mimea kuwa upande mmoja na viumbe wengine wote upande wa pili. Aende akatazame mchikichi hapo Kigoma. Hauzai chikichi za kutosha bila fukusi mdogo anayetoka kwenye maua dume akiwa na chavua na kuingia kwenye maua jike. Malaysia ilikuwa inachavusha michikichi yake kwa mikono ya vibarua, hadi mwaka 1981 fukusi hao walipopelekwa huko kutoka Cameroon. Nayo mahindi yamefika mahali ambapo hayawezi kabisa kuishi bila mkulima. Punje zimefungwa ndani ya maganda, haziwezi kujitawanya, na hindi likianguka shambani na kuachwa, miche yake huota imebanana mahali pamoja na kunyang'anyana maji mpaka hufa. Watu wakitoweka, mahindi yatatufuata baada ya misimu michache.

SWALI: Mhariri, nataka kuanza kumsoma Poison Ivy, lakini vitabu ni vingi mno. Nianzie wapi, na je, wadogo zangu wanaweza kusoma nami?
Msomaji, Nzega

JIBU: Anza na zile filamu za katuni za mwaka 1992, ambazo mnaweza kuzitazama pamoja na wadogo zako walio shule ya msingi, halafu wewe soma sehemu za mwaka 1999 zinazohusu bustani ya Robinson Park. Mfululizo wa mwaka 2022 ni mzuri, na ndani yake Poison Ivy anaanza safari akiwa amedhamiria kuwaua binadamu wote, kisha anakutana nao mmoja mmoja njiani na dhamira inaanza kumsumbua, lakini una vifo vya kutisha na miili inayoliwa na kuvu. Huo usome peke yako.